Ukiona vyaelea vimeundwa: Manowari za mezani na manowari za sinema

Mjukuu wangu aliye kidato cha pili alinishinda kwa hoja likizo iliyopita, nami sioni haya kukiri hadharani. Tulikuwa tumeketi sebuleni tukitazama filamu kongwe ya Uingereza, Sink the Bismarck!, ya mwaka wa 1960. Mezani alikuwa ametandaza magazeti, na juu ya magazeti vipande vya plastiki, gundi, koleo ndogo na brashi nyembamba kama unywele. Alikuwa akiunda Bismarck yake mwenyewe, ndefu kidogo kuliko rula ya shuleni.

Kwenye skrini, meli moja ya Waingereza ikapigwa kombora, ikawaka moto na kuzama. "Haya, manowari hiyo imekwisha," nikasema.

"Babu, hiyo si manowari," akanijibu bila kuinua macho. "Hiyo ni destroya. Manowari ni hii ninayoiunda mimi. Na tena hiyo destroya haikuwahi kuwepo. Waliitunga tu."

Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili zote ni manowari. Akauliza: "Sasa Kiswahili kinazitofautisha vipi?" Hapo nikanyamaza. Makala haya yametokana na kimya kile.

Tuanze na neno lenyewe. Manowari limetokana na maneno ya Kiingereza man-of-war, jina la zamani la meli yoyote ya vita. Watu wa pwani walilisikia kwa mabaharia wageni, wakalivisha sauti zao, nalo likakaa. Ni njia ileile iliyopitiwa na neno meli, ambalo asili yake ni neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa meli za moshi ndizo zilizozileta barua hizo. Manowari limezoea lugha yetu hata wapo wanafunzi wanaodhani kwamba silabi yake ya kwanza ni kiambishi cha wingi, wakaandika "manowari yamezama". Sivyo. Neno hili ni la ngeli ya I-ZI: manowari imezama, manowari zimezama.

Kwa hiyo kwa upande wa Kiswahili nilikuwa sahihi, maana kamusi zetu zinasema kwamba manowari ni meli ya vita, basi. Lakini kwa upande wa elimu ya bahari kijana alikuwa na haki ya kunirekebisha. Mabaharia wa karne ya ishirini walizigawa meli za vita kwa kazi zake, ukubwa wa mizinga yake na unene wa deraya yake. Ipo ile kubwa, yenye deraya nene kuliko zote na mizinga mikubwa kuliko yote, iliyoundwa isimame mbele ya mwenzake na kurushiana makombora. Ipo kruza, nyepesi zaidi, inayosafiri mbali peke yake ikilinda au kuwinda meli za biashara. Kisha ipo destroya, ndogo na yenye mbio, ambayo silaha yake kali ni torpido na kazi yake ni kuzisindikiza kubwa.

Tofauti hizi si za majina tu. Mdomo wa mzinga wa Königsberg, kruza ya Wajerumani tutakayoirudia hapo mbele, ulikuwa na upana wa sentimita 10.5. Wa Bismarck ulikuwa sentimita 38. Wa Yamato, manowari ya Wajapani, ulikuwa sentimita 46, na kombora lake moja la kutobolea deraya lilikuwa na uzani wa kilo 1,460. Kuziita zote manowari si kosa. Ila ni kama kumwita simba mnyama na paka mnyama. Ni kweli, lakini anayetaka kujua kama akimbie au akae hajasaidika.

Sasa turudi mezani. Kwa watu wanaounda meli ndogo za aina hii, kazi hiyo si mchezo wa watoto. Jambo la kwanza wanaloliheshimu ni skeli, yaani uwiano kati ya kitu kidogo na kikubwa kinachowakilishwa. Skeli ya 1/700 maana yake sentimita moja ya mezani inasimamia sentimita 700, yaani mita saba, za baharini. Skeli hii ilienezwa na viwanda vinne vya mkoa wa Shizuoka, Japani, yaani Tamiya, Aoshima, Hasegawa na Fujimi, ambavyo mwaka wa 1971 vilianza kutoa mfululizo wa pamoja wa meli zinazoonyesha sehemu iliyo juu ya maji tu. Kwa uwiano huo, Bismarck ya mita 251 inakuwa na karibu sentimita 36. Yamato ya mita 263 inakuwa na sentimita 37.6. Königsberg ya mita 115 inabaki na sentimita 16 na nusu. Ziweke sambamba, na lile somo lililonigharimu aya nzima utalipata kwa kutupa jicho mara moja.

Uwiano una ukali wake. Mtu mwenye urefu wa mita 1.75, kwenye skeli hiyo ana milimita mbili na nusu. Reli za sitaha zikitengenezwa kwa plastiki ya kawaida huwa nene kama ukuta wa boma, ndiyo maana waundaji hodari hununua reli za shaba nyembamba zilizokatwa kwa asidi.

Jambo la pili ni tarehe. Meli hubadilika. Hupakwa rangi upya, huongezewa mizinga, huondolewa hiki na kile. Kwa hiyo swali la mwundaji si "Bismarck ilikuwaje?" bali "Bismarck ilikuwaje siku gani?" Ilipokuwa katika Bahari ya Baltiki, ubavuni mwake ilikuwa na milia myeusi na myeupe ya kumchanganya adui. Tarehe 21 Mei 1941, ikiwa imetia nanga katika hori moja karibu na Bergen, Norway, mabaharia wake waliifunika milia hiyo kwa rangi ya kijivu. Siku tatu baadaye ilikutana na Hood ya Waingereza. Basi anayeunda Bismarck yenye milia inayong'aa, kisha akaionyesha ikiipiga Hood, amezichanganya siku.

Msomaji atauliza: watu wazima wanabishana kuhusu milia ya nini? Nami nilimuuliza mjukuu wangu hivyo hivyo. Jibu nililipata katika hesabu ya waliokufa. Hood ilipolipuka tarehe 24 Mei, kati ya watu 1,418 waliokuwemo walinusurika watatu tu. Tarehe 27 Mei Bismarck nayo ilizama pamoja na watu zaidi ya 2,000. Meli ya mezani iliyo na tarehe sahihi inasema: hivi ndivyo chuma hiki kilivyoonekana siku wale watu walipokufa. Ni namna ya ushahidi, na shahidi anayekosea siku hakimu humtilia shaka.

Sinema nayo ina desturi yake, na tangu mwanzo haikuwa ya ushahidi. Mwaka wa 1898, Marekani na Uhispania zilipopigana, Albert E. Smith na J. Stuart Blackton waliwaonyesha watu wa New York vita vya majini vya Santiago de Cuba. Smith mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi walivyofanya. Walikata picha za manowari zilizokuwa zikiuzwa mitaani, wakazisimamisha ndani ya maji kidogo, wakalipua vijibaruti, na mke wa Blackton akapuliza moshi wa sigara. Watazamaji waliamini wanaona vita vyenyewe.

Mwaka wa 1942 Wajapani walitoa filamu kuhusu shambulizi la Pearl Harbor, ambayo bandari yake nzima, pamoja na manowari za Wamarekani, ilijengwa kwa udogo chini ya fundi Eiji Tsuburaya. Husimuliwa kwamba baada ya vita Wamarekani walioziona picha zake walidhani ni za tukio halisi. Fundi huyo ndiye aliyekuja kumpa uhai dude Godzilla mwaka wa 1954.

Hata hivyo fundi wa filamu ana adui mmoja asiyehongeka, nayo ni maji. Unaweza kuipunguza meli, lakini huwezi kulipunguza tone. Tone la maji halijui skeli. Likirukia meli ndogo huonekana kubwa kama ng'ombe, na wimbi lake hupanda na kushuka upesi mno. Siri ya wimbi ilielezwa na mhandisi Mwingereza William Froude, ambaye mapema katika miaka ya 1870 alijenga hodhi la kujaribia meli ndogo huko Torquay. Kanuni yake inafundisha kwamba mwendo wa mawimbi hufuata kipeuo cha pili cha uwiano. Ukiwa na meli ya skeli ya 1/16, kipeuo cha pili cha 16 ni nne. Kwa hiyo kamera inafaa ipige picha 96 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, halafu filamu ichezwe kwa mwendo wa kawaida. Hapo wimbi la sekunde moja litachukua sekunde nne na kuonekana zito kama la bahari kuu. Ndiyo maana mafundi hupenda meli ndogo zisizo ndogo sana, za mita kadhaa, na ndiyo maana mtazamaji mzoefu huacha kuitazama meli akatazama povu lake. Povu ndilo humsaliti fundi.

Wengine hulikwepa tatizo hilo kwa kutumia meli halisi, kisha wakaangukia jingine. Katika The Battle of the River Plate ya mwaka wa 1956, nafasi ya Admiral Graf Spee ya Wajerumani ilichukuliwa na kruza ya Kimarekani, Salem, isiyofanana nayo. Lakini Achilles, iliyopigana vita vile mwaka wa 1939, ilijiigiza yenyewe, ingawa wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mali ya jeshi la majini la India. Katika Under Siege ya mwaka wa 1992, manowari inayoitwa Missouri kwa sehemu kubwa ni Alabama, ambayo ni makumbusho huko Mobile.

Lakini makosa ya chuma na povu ni madogo. Kosa zito ni la kisa. Katika ile filamu tuliyoitazama, waundaji waliongeza destroya ambayo historia haiijui. Zaidi ya hilo, Admirali Lütjens wa Bismarck walimchora kama mshabiki wa Hitler aliyelewa sifa, taswira ambayo wanahistoria wameipinga. Meli zao ndogo zimeundwa kwa uangalifu. Binadamu wao hawakupimwa kwa skeli yoyote.

Kuna mfano mmoja unaoyaweka mambo haya yote pamoja. Yamato iliundwa mjini Kure, katika mkoa wa Hiroshima, kwa siri kubwa. Pacha wake, Musashi, aliyeundwa Nagasaki, alifichwa nyuma ya pazia kubwa la kamba za katani. Vita vilipokaribia mwisho Wajapani waliteketeza nyaraka nyingi, na picha zilizosalia ni chache. Yamato ilizamishwa na ndege za Marekani tarehe 7 Aprili 1945, ikafa na watu wapatao 3,000. Waliotaka kuiunda upya kwa udogo walilazimika kukisia mengi, na makisio yao yakaanza kurekebishwa mabaki yake yalipotambuliwa chini ya bahari katika miaka ya 1980.

Mwaka wa 2005 Yamato ikarudi mara mbili katika mkoa uleule wa Hiroshima. Mjini Kure lilifunguliwa jumba la makumbusho ambalo katikati yake imesimama Yamato ya skeli ya 1/10, yenye urefu wa mita 26.3. Huko Onomichi, waundaji wa filamu Otoko-tachi no Yamato walijenga sehemu ya mbele ya Yamato kwa ukubwa wake halisi, mita 190 kati ya 263. Sehemu ambazo kamera haikuzihitaji hazikujengwa.

Hebu fikiria. Moja ni nzima lakini ni ndogo mara kumi. Nyingine ina ukubwa kamili lakini si nzima. Ipi ni ya kweli zaidi? Ile ya Onomichi ilikufanya ujihisi mdogo chini ya chuma, kama alivyojihisi baharia wa miaka kumi na minane. Ile ya Kure hukuruhusu kuizunguka na kuihoji kila upande. Ya sinema iliundwa kwa ajili ya jicho moja, jicho la kamera. Ya makumbusho iliundwa kwa ajili ya macho yote, hata yale ambayo hayajazaliwa.

Hapa ndipo Kiswahili, kilichoonekana maskini mwanzoni mwa makala haya, kinapofungua sanduku lake. Tunasema chombo kinaelea majini. Tunasema pia: maneno yako yamenielea, yaani nimeyafahamu vyema. Kitenzi ni elea. Ukikinyambua unapata eleza, ambacho ni kufanya kitu kielee na pia kufafanua jambo. Kutokana nacho tuna chelezo, kitu kinachoelea majini, na tuna maelezo. Kisha tuna eleleza, yaani kufuatisha mfano wa kitu, na hapo pakazaliwa kielelezo. Wapo watakaosema kwamba hivi ni vitenzi viwili vilivyokutana kwa sauti tu. Sina ugomvi nao. Kwa mzungumzaji, kuelea na kueleweka vimeketi jahazi moja. Basi tunapoita meli ndogo kielelezo, tunasema kwamba kazi yake ni kueleza kitu.

Filamu si kielelezo kwa maana hiyo. Filamu ni maigizo. Kuigiza ni kujifanya kitu mbele ya watu wanaokubali, kwa muda wa saa mbili, kwamba ndicho. Hakuna ubaya. Ubaya huja maigizo yanaposhika nafasi ya kielelezo, tukatoka ukumbini tukidhani tumeelezwa ilhali tumeigiziwa.

Jambo hili lilitufika hata sisi. Septemba 1914 kruza Königsberg iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikapanda mtoni huku ndege zikizielekeza mizinga yake. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaharibiwa. Mwaka wa 1976 ikatoka filamu Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith iliyochota kutoka kisa hicho. Ndani yake manowari iliyojificha mtoni inaitwa Blücher, nayo inaangamizwa kwa bomu lililofichwa ndani yake. Blücher halisi haikuwahi kufika Rufiji. Ilizama Bahari ya Kaskazini Januari 1915. Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi wa chuo kikuu iliyosimulia bomu lile kama historia. Sikumlaumu sana. Filamu ilimfikia kabla ya kitabu.

Lakini kielelezo nacho kina pengo lake, na hapa nilimshinda mjukuu wangu kidogo. Königsberg ilipokwisha, Wajerumani waliiondoa mizinga yake yote kumi, wakaifunga magurudumu na kuitumia vitani bara. Iliyoivuta ni mikono ya Waafrika, mamia kwa mamba ya kamba, porini na matopeni. Vita vile viliua wapagazi kwa makumi ya maelfu, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hata ukiiunda Königsberg kwa skeli kamili na reli za shaba, wapagazi hao hawamo kwenye kisanduku. Filamu huongeza wasiokuwepo, kielelezo husahau waliokuwepo. Lugha ndiyo iliyowakumbuka, tena kwa jina tunalolitaja kila siku tukienda sokoni.

Nikirudi kwa swali nililoulizwa, nina pendekezo dogo. Neno manowari libaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa ndivyo watu wanavyolitumia. Ile kubwa yenye deraya nene tuiite manowari kuu. Kruza na destroya tuziache zilivyo, kwa sababu zimekwisha kuingia midomoni. Asitokee mtu wa kuzifukuza kwa kuwa ni ngeni, maana manowari yenyewe ilikuja kwa mashua iyo hiyo. Walimu na wahariri wakikubali hata hilo moja, mtoto anayeuliza atakuwa na jibu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuwafundishe vijana wetu kuuliza viliundwa na nani, kwa skeli gani, na nani aliachwa nje. Mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, Mombasa, na mdomo wake ni ule ule wa sentimita 10.5. Tumekubaliana na mjukuu wangu kwamba Desemba tutakwenda kuutazama. Yeye atabeba utepe wa kupimia, mimi nitabeba kamusi.